Jina, Daftari na Neno: Historia Fupi ya Uhuru wa Kusema na Faragha, kutoka Makazi ya Mpanda hadi Mtandaoni

Katika sura ya 36 ya kitabu cha nabii Yeremia mna aya moja ambayo wahubiri wengi huipita kwa haraka, wakiwa njiani kuelekea kwenye moto wa mfalme Yehoyakimu. Baruku amekwisha kuyasoma maneno ya gombo mbele ya wakuu. Wakuu wanatetemeka, wanamwuliza alivyoyaandika, naye anawajibu bila kuficha kwamba Yeremia ndiye aliyeyatamka na yeye aliyaandika kwa wino. Ndipo wanamwambia aende akajifiche, yeye pamoja na Yeremia, mtu yeyote asijue walipo (Yer. 36:19). Wakuu hao ni watumishi wa serikali. Wana wajibu wa kumpasha mfalme habari, na wajibu huo wanautimiza, kwa maana wanakwenda kumweleza maneno yote. Lakini wanampelekea maneno tu. Watu walioyasema hawampelekei.

Tofauti hiyo kati ya kulipeleka neno na kumpeleka mtu ndiyo inayochunguzwa katika makala hii. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imebishana sana juu ya uhuru wa kusema na haki za watumiaji wa mtandao wa intaneti. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa. Septemba mwaka huo leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wengi huyazungumza mambo haya kana kwamba yalizaliwa pamoja na simu ya mkononi. Mwandishi wa makala hii haoni hivyo. Swali la nani ashike daftari la majina, na nani awe na ruhusa ya kulifungua, ni la zamani kuliko waya wowote wa mawasiliano. Nalo lilikwisha kuulizwa kwa ukali mahali ambapo wachache wangefikiri kulitafuta, yaani katika miombo ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Aidha, Walutheri tulikuwapo pale, na kalamu tuliishika.

Waliofika wakiikumbuka orodha

Mwezi Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Michel Micombero ililipiza kwa mauaji yaliyowaangukia Wahutu, na hasa waliokuwa wamesoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji. Wanahistoria hukadiria waliouawa kuwa kati ya watu 100,000 na 300,000. Katika ushuhuda wa walionusurika jambo moja hurudi tena na tena, nalo ni orodha. Majina yalisomwa madarasani na maofisini. Aliyeitwa alitoka nje, wala hakurudi. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mtu nyumba kwa nyumba, maana daftari la shule na daftari la mishahara vilikuwa vimekwisha kuifanya kazi hiyo.

Makumi ya elfu walivuka mpaka na ziwa kuingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapokea kwa ukarimu ambao haufai kusahauliwa, ikawapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba wilayani Mpanda mwaka 1973, na Mishamo, pia wilayani Mpanda, mwaka 1978, ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu. Katumba leo imo katika Halmashauri ya Nsimbo, na Mishamo katika Wilaya ya Tanganyika. Makazi hayo yalisimamiwa kwa mkataba wa pande tatu: Serikali ya Tanzania kwa njia ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, yaani shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni.

Kwa mintarafu hiyo hatuna haki ya kuiandika historia hii kama watazamaji. TCRS ilipima viwanja, ikachimba visima, ikajenga barabara, shule na zahanati katika pori lililokuwa na mbung'o wengi kuliko watu. Kazi hiyo ilikuwa ya huruma, na matunda yake yanaonekana hadi leo katika mashamba ya mahindi na tumbaku ya Katumba. Lakini huduma haigawiwi bila orodha. Anayegawa jembe, mbegu na blanketi hana budi kuandika jina, idadi ya watoto, kijiji na namba ya kiwanja. Hivyo watu waliokimbia daftari waliandikwa tena katika daftari, safari hii kwa wema.

Na daftari lile lilifanya kazi ya pili. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya miaka ya 1960, ambayo ilifutwa tu na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi alitakiwa kukaa alikopangiwa. Aliyetaka kwenda Mpanda mjini, au Kigoma kumwona nduguye, alihitaji kibali kutoka ofisi ya Mkuu wa Makazi, chenye siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Sheria haikusema kwamba mkimbizi asiseme. Ilisema asitembee bila karatasi. Na katika nchi ambayo habari ilisafiri kwa miguu, kwa baiskeli na kwa behewa la reli ya Mpanda, anayetoa kibali cha safari ndiye aliyekuwa akitoa kibali cha habari. Hapo pana fundisho kwa yeyote anayedhani kwamba kufunga njia ya mawasiliano ni jambo la kiufundi lisilogusa uhuru wa kusema.

Hata hivyo watu walisema. Mwaka 1980, huko huko Mishamo, Rémi Gahutu na wenzake waliunda chama cha Palipehutu, kilichotaka kuiondoa serikali ya Burundi. Serikali yetu ilikuwa na sababu za kweli za kuhofu. Mkimbizi anayefanya siasa ya kuipindua nchi jirani huhatarisha waliompokea, na baadaye Palipehutu ilikuwa na tawi la wapiganaji. Lakini hofu hiyo ilimfunika pia mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka tu kusimulia kwa nini baba yake hayupo.

Msomi aliyeficha majina

Kati ya mwaka 1985 na 1986, mara tu baada ya TCRS kuikabidhi Mishamo kwa Serikali, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo na Kigoma mjini akisikiliza. Kitabu chake, Purity and Exile, kilichapishwa mwaka 1995 na Chuo Kikuu cha Chicago. Mishamo wakati huo ilikuwa na watu wapatao 35,000. Malkki aliwakuta wakiisimulia historia yao kwa nguvu na mpangilio kama wa Maandiko: asili, utumwa, mauaji, uhamisho, na kurudi. Kwa mwanateolojia kitabu hicho ni hazina. Wakimbizi wa Mishamo walikuwa wakifanya, chini ya miti ya Katavi, kile ambacho wana wa Yuda walikifanya kando ya mito ya Babeli.

Jambo linalotuhusu hapa ni dogo zaidi. Masimulizi yaliyomo katika kitabu hicho yamechapishwa bila majina ya waliosimulia. Msomaji anajua kwamba maneno yalitoka Mishamo. Hajui yalitoka katika nyumba ipi. Bila uficho huo wasingesema, au wangesema yale tu ambayo ofisi ya makazi ingependa kuyasikia. Ushuhuda wa 1972 ulio kamili kuliko mwingi tulio nao kutoka Mpanda upo kwa sababu mtu mmoja aliyepewa majina hakuyatoa.

Na Kigoma mjini Malkki alikuta kinyume chake. Pale wakimbizi wa 1972 waliishi nje ya makazi, bila kuandikwa, wamechanganyika na wenyeji, wakijitambulisha kwa namna mbalimbali kadiri ya mahali na wakati. Hawakuisimulia historia ya taifa lao kwa mkazo wa Mishamo. Walitaka kuishi bila kuulizwa. Wapo wanaoiita hali hiyo udanganyifu. Mimi naona ni faragha, iliyotafutwa na maskini kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

Mwenye kusaini na asiyeweza kusaini

Mpanda haikuwa kisiwa. Wakoloni walilijua jambo hili mapema. Waandishi wa barua na washairi wa magazeti ya Kiswahili ya kale walikuwa na desturi ya kutumia majina ya kubuni, na si kwa mbwembwe za ushairi tu. Karani wa serikali aliyelalamikia mshahara alijua barua yake ingesomwa na nani. Chombo cha kudhibiti magazeti kilikuwa usajili. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyotungwa na taifa huru, iliufuta utaratibu wa kikoloni na papo hapo ikaurithi: gazeti halina budi kusajiliwa, na waziri anaweza kulifunga. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja sheria hiyo mwaka 1992 miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Ilidumu hadi Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo nayo, tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki ilivikuta vifungu vyake kadhaa vikivunja mkataba wa Jumuiya.

Kisa cha mwaka 1958 chastahili kutazamwa kidogo zaidi. Sauti ya TANU, jarida la kurudufiwa, lilikuwa na maneno makali dhidi ya Wakuu wa Wilaya wawili Waingereza. Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Katika mafundisho ya uraia kisa hiki husimuliwa kama mfano wa ushujaa wa mtu anayesimama nyuma ya maneno yake, na ndivyo kilivyo. Lakini Nyerere alikuwa na chama nyuma yake, alitetewa na wakili mashuhuri kutoka London, D. N. Pritt, na dunia ilikuwa ikitazama. Wanyonge ambao malalamiko yao yalimpa mambo ya kuandika hawakuwa na lolote kati ya hayo. Hoja inayosikika mara kwa mara siku hizi, kwamba mtu mwaminifu hana sababu ya kuficha jina lake, ni hoja ya wenye mawakili.

Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na kwa miaka mitatu tangu ilipoanza kutumika mwaka 1985 wananchi hawakuruhusiwa kuidai mahakamani. Mlango ulifunguliwa mwaka 1988. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu. Ibara ya 18, hasa baada ya mabadiliko ya mwaka 2005, inalinda kusema, kutafuta na kutoa habari, na pia kuwasiliana bila kuingiliwa. Watunzi waliona kwamba mambo haya mawili yanakaa pamoja. Mtu ambaye barua zake zinafunguliwa hana uhuru wa kusema hata kama hajakatazwa kusema neno lolote.

Daftari la JamiiForums

Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa la mtandaoni lililoitwa JamboForums, na tangu mwaka 2008 likaitwa JamiiForums. Wanaoandika humo wengi hutumia majina ya kubuni. Limebeba porojo, matusi na uzushi usio haba, na pia habari za ufisadi ambazo magazeti yenye leseni yaliogopa kuzigusa. Mtumishi wa ofisi ya umma aliyeona hati asiyoweza kuinyamazia alipata mahali pa kuiweka. Mwaka 2008 waanzilishi hao walikamatwa kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu cha 16 kinaadhibu kutoa habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wanasheria wamekijadili sana kifungu hicho. Kwa makala hii kifungu kizito zaidi ni cha 32, ambacho kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuagiza taarifa zitolewe kwa ajili ya upelelezi. Hatajwi hakimu. Kwa lugha ya Katumba, kibali cha kulifungua daftari kinatolewa na yule yule anayelitaka.

Polisi waliitaka JamiiForums iwapatie taarifa za watu walioandika tuhuma juu ya makampuni. Melo hakuzitoa. Tarehe 13 Desemba 2016 alikamatwa, na siku tatu baadaye akafikishwa mahakamani Kisutu kwa mashitaka ya kuzuia upelelezi, pamoja na shitaka la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa anwani ya Tanzania. Mashauri matatu yaliendelea kwa miaka. Moja lilimalizika mwaka 2018 kwa kuachiwa huru; katika mengine alitiwa hatiani mwaka 2020, mojawapo kwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa.

Msomaji aangalie asichokisema Melo. Hakudai kwamba yote yaliyoandikwa katika jukwaa lake ni kweli. Hakudai kwamba makampuni hayana haki ya kujitetea. Maneno yalikuwa wazi mbele ya umma. Kila mtu angeweza kuyajibu. Alichokataa kukitoa ni watu. Sijui kama aliwahi kuisoma Yeremia 36, wala haidhuru.

Machi 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 ya kila mwaka, na Juni mwaka huo JamiiForums ilijifunga kwa muda kwa ajili ya masharti hayo. Kanuni zile zilimtaka pia mwenye mgahawa wa intaneti kuweka kamera za kurekodi yanayotendeka ndani. Fikirini mgahawa wa vyumba viwili katika mji mdogo wa bara, ambapo kijana huenda kutafuta habari za ugonjwa asiothubutu kumtajia hata mama yake, akikaa chini ya kamera. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 2020 kwa nyingine, ambazo nazo zimekuwa zikirekebishwa.

Pingamizi la Rwanda

Kila ninapofundisha somo hili darasani mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuitaja RTLM, na hufanya vema. Redio hiyo ilianza Kigali mwaka 1993, na mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, watu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Basi ulimi unaua, kama Yakobo asemavyo, na jamii isiyo na njia ya kuuzuia uchochezi wa kuua haiwezi kusimama. Hilo nalikubali bila masharti.

Lakini tuiangalie Rwanda hadi mwisho. Wachochezi wa RTLM hawakuwa watu waliojificha nyuma ya majina ya kubuni. Walijulikana, na walikuwa karibu na utawala. Waliokufa vizuizini barabarani walikufa kwa sababu ya karatasi waliyokuwa nayo mfukoni, kitambulisho chenye neno la kabila, kilichobuniwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 kwa ajili ya utawala wa kawaida tu, kodi na kazi. Redio ilitangaza, kitambulisho kilichagua. Anayeitumia Rwanda kama hoja ya kuongeza madaftari ameisoma nusu ya historia hiyo. Tena kosa la uchochezi linaweza kupelelezwa kwa amri ya hakimu aliyeonyeshwa sababu, na hakuna mtetezi makini wa faragha anayelikataa jambo hilo. Kinachopingwa ni daftari ambalo linafunguka kwa kila anayebisha hodi.

Sisi wenyewe

Ni rahisi kwa Mlutheri kuliandika somo hili akimwelekezea kidole kaisari. Kwa upande mmoja tuna urithi mzuri. Baada ya Amri ya Worms ya mwaka 1521 kuvipiga marufuku vitabu vyake, Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg, akafuga ndevu na kuitwa kwa jina lisilo lake, Junker Jörg. Humo alilitafsiri Agano Jipya, na lilipotoka Wittenberg Septemba 1522 halikuwa na jina la mtafsiri wala la mchapaji. Kanisa letu lilianza na kitabu kisichosainiwa, kilichoandikwa na mtu aliyejificha chini ya ulinzi wa mtawala mwenye busara.

Kwa upande mwingine, Luther huyo huyo aliunga mkono Karlstadt afukuzwe Saksonia mwaka 1524, na mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya kutaka vitabu vyao vichukuliwe. Aliyelindwa na uficho hakuwa mwepesi wa kuwalindia wengine. Jambo hili lisifichwe kwa wanafunzi wetu.

Nasi hapa nyumbani tulionja mwaka 2018. Machi ya mwaka huo maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka, Taifa Letu, Amani Yetu, uliosomwa makanisani na kusambaa kwa simu nchi nzima kabla magazeti hayajaamua kama yathubutu kuunukuu. Ulizungumzia hofu, watu waliotoweka, na uhuru wa kutoa maoni. Baada ya wiki kadhaa ikatokea barua ya Msajili wa Vyama, katika Wizara ya Mambo ya Ndani, ikilitaka Kanisa liufute waraka huo kwa muda wa siku kumi. Waziri aliikana barua hiyo na kumsimamisha kazi msajili, na jambo likaishia hapo. Lakini kwa siku chache Kanisa lilikaa mahali alipokaa mkimbizi wa Mishamo: jina lake lilikuwa katika daftari la wizara ile ile, na aliyelishika aliweza kuuliza kama anastahili kuendelea kuandikwa.

Tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza, na mwisho wake ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ikawa sharti la kuwa na simu. Kwa wakazi wa Katumba na Mishamo hatua hii ilikuwa na historia ndefu nyuma yake. Mwaka 2007 walipewa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Maombi ya watu 162,156 wa makazi ya zamani, Ulyankulu pamoja nao, yalikubaliwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014, miaka 42 baada ya wazazi wao kuvuka mpaka. Kuandikwa kama raia ni furaha. Lilikuwa daftari la kwanza ambalo waliomba wenyewe kuingia. Ndiyo maana sidhani kwamba daftari kwa asili yake ni ovu. Mchungaji mwema naye huwajua kondoo wake kwa majina (Yn. 10:3). Lakini Daudi alipowahesabu watu kwa ajili ya upanga, moyo wake ulimchoma (2 Sam. 24:10), na tofauti ya hesabu hizo mbili iko katika kile kinachokusudiwa kufanywa na majina.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeanza kuliuliza swali hilo kwa kila anayekusanya majina, na sharika zetu zimo. Habari za afya na za imani ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Wachungaji wengi bado hawajalijua hilo. Tunashika madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marudi. Tunashika ahadi za sadaka pamoja na kiasi cha kila mmoja. Na siku hizi tunashika makundi ya WhatsApp ya usharika, ambamo jina la mgonjwa hutumwa pamoja na jina la ugonjwa wake, kwa nia ya maombi, kwa watu 200 ambao yeye hakuwachagua. Ungamo la siri, ambalo Ungamo la Augsburg linataka lidumishwe katika Kanisa (ibara ya 11), tumeliacha likafifia. Na mahali pake pameingia simu ya mchungaji, yenye ujumbe wa mke aliyepigwa, wa kijana aliyekata tamaa, na wa mtumishi wa halmashauri aliyeona fedha zikienda zisikopaswa.

Katika kozi ya Huduma ya Kichungaji tumeanza kuwauliza wanafunzi watafanya nini siku ofisa atakapofika usharikani na agizo la kuitaka simu hiyo. Baadhi husema watatii, kwa kuwa imeandikwa kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Baadhi husema watakataa. Wachache huuliza kwanza agizo limetolewa na nani, linamhusu nani, na kama hakimu ameliona. Kisha huuliza ni ujumbe upi uliopaswa kufutwa katika simu hiyo tangu siku ulipokwisha kusomwa, ilhali hakuna aliyekuwa akiutaka.